Lupini za duka la town Nakuru: maharagwe nyota 4, maua nyota 3, ushauri wa kaunta sifuri

Wacha niseme ile ya muhimu kwanza kabla hujaenda na shughuli zako: kama umenunua lupini (punje za jamii ya maharagwe, zingine hupandwa kwa ajili ya maua tu) na muuzaji akakwambia zile za maua na zile za kula ni kitu moja, zile za maua usipike. Hata kijiko kimoja cha kuonja. Panda ama tupa. Sasa ndio nieleze nilifikaje huko na kwa nini bado hiyo kilo naipa nyota 4.

Duka silitaji jina, ni moja ya hayo maduka ya vyakula vya afya yamejaa town siku hizi, chia, moringa, siagi ya njugu, asali ya Baringo, kila kitu kwa chupa ndogo na bei kubwa. Mimi niliingia kutafuta simsim tu, hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Kijana wa hapo akaniona nikizubaa kwa rafu ya nafaka akasema madam wachana na ndengu, hii ndio protini ya sasa, akanitolea kilo ya punje nyeupe, bapa, ukiziangalia ni kama vifungo vya koti ambavyo mtu amevikalia vikabonyea katikati. Lebo imeandikwa LUPINI, chemsha dakika 40, weka chumvi, kwisha. Shilingi 480. Pembeni kulikuwa na kipaketi kina picha ya maua ya bluu yamesimama wima kama mishumaa, stika yake inasema lupini ya porini, ndani punje ndogo za kahawia zenye madoadoa, 250. Nikamuuliza, na hizi? Akasema ni hiyo hiyo madam, tofauti ni saizi, hata hizo unakula. Nikachukua zote mbili, nikalipa na M-Pesa na nikamshukuru. Hiyo shukrani ndio inaniuma mpaka leo.

Jioni nikapika nusu kilo ya zile nyeupe vile lebo inasema. Dakika 40 bado ni mawe. Nikaongeza saa moja, zikafura lakini hazikulainika, nikaonja moja. Jamani. Mwarobaini unaujua? Huo ni uchungu wa kistaarabu, unakuja unaenda zake. Huu unafika nyuma ya ulimi unakodisha chumba. Watoto walitema hapo hapo. Mzee wa nyumba, ambaye hula chochote bora kiwe na nyanya na kitunguu, alijikaza akamaliza kama nane hivi kwa heshima, akaweka sahani chini akaniuliza mama Junior hii ni chakula ama ni dawa. Tulicheka sana. Usiku akalalamika mdomo umemkauka kabisa, akalaumu chumvi, na mimi nikakubali ni chumvi. (Ukisoma hapa, pole baba Junior.)

Asubuhi nikampigia mamangu Busia. Lupini haijui lakini hakushangaa hata kidogo, akaniuliza tu, mwanangu, ile mihogo michungu tulikuwa tunapika siku tunayong'oa? Si tulikuwa tunaloweka kwanza, tunaanika, ndio tunasaga? Na wewe hiyo kitu yako umeipa siku ngapi? Nikasema dakika 40. Akacheka mpaka simu ikakatika. Mama hajasoma kemia lakini alikuwa amenipa nusu ya jibu, nusu ingine nikaitafuta mwenyewe usiku mpaka bando ikaisha.

Iko hivi. Lupini ni familia moja na kunde, maharagwe na njegere. Aina zake ni zaidi ya 200, nyingi ni za bara la Amerika, kaskazini na kusini, chache ni za pande za Mediterania na Afrika, na hata hizi nyanda zetu za juu Afrika Mashariki ziko na moja ya kienyeji inaitwa Lupinus princei. Zinazolimwa sana kwa chakula ni nne: hiyo nyeupe, ile ya majani membamba, ya manjano, na ile ya milima ya Andes wanaita tarwi. Kwa asili yake lupini ni chungu, na uchungu unatoka kwa alkaloidi, lupanini, sparteini na ndugu zao. Mmea unazitengeneza kwa sehemu za kijani, malighafi yake ni laisini ambayo ni moja ya matofali ya protini, halafu unazisafirisha mpaka kwa mbegu zikakae akiba. Ni askari wa geti hao, mdudu akiuma anajuta, sungura akionja anahamia shamba la jirani.

Sasa lebo ya dakika 40 inaangukia hapa. Sisi tumezoea moto unamaliza mambo, na kwa maharagwe ni kweli, ile sumu ya maharagwe mekundu mabichi inaisha yakichemka sawasawa. Alkaloidi za lupini hazijali moto. Chemsha mpaka gesi iishe, bado ziko. Kitu inazitoa ni maji, juu zinayeyuka ndani ya maji, lakini hayo maji lazima umwage. Ukichemsha na ukabaki na supu yake, hujatoa kitu, umehamisha tu kutoka kwa punje kwenda kwa mchuzi halafu umekunywa mchuzi. Kazi ya moto ni kuua uhai wa mbegu ndio iache kushikilia vitu vyake, basi. Na mtu akila nyingi zikiwa bado chungu anakauka mdomo, macho yanaona ukungu, mboni inapanuka, kichwa kinazunguka, moyo unaenda mbio. Mtoto anadhurika na kidogo sana. Hapo kwa mdomo kukauka nilisoma mara mbili, nikageuka nikamwangalia mzee akikoroma, nikahesabu pumzi.

Ndio, lupini tamu pia ziko, na mimi naona kabisa hiyo lebo ilinakiliwa kutoka kwa paketi ya tamu. Mjerumani anaitwa Reinhold von Sengbusch mwisho wa miaka ya 1920 alipima mimea maelfu kwa maelfu akitafuta ile michache imezaliwa na upungufu wa uchungu, akaipata, na kutoka kwa kazi kama hiyo ndio leo Australia Magharibi wanalima lupini kwa mashamba makubwa ya trakta. Tamu maana yake si sukari, ni kwamba alkaloidi haifiki hata asilimia 0.02, kumbe chungu inaweza kufika asilimia 1 ama 2 na kupita. Na ubaya ni kwamba kwa macho huwezi jua gani ni gani. Chukua punje moja iliyolowa, ikate kwa meno ya mbele, iguse na ncha ya ulimi, tema. Ulimi utakwambia kitu ambacho lebo haikusema. (Alafu kitu ya kuchekesha, wakulima wakapanda hizo tamu, wadudu mafuta na sungura wakashangilia, askari wa geti amefutwa kazi.)

Basi ile nusu kilo iliyobaki nikaifanya vile inafaa, isipokuwa konzi mbili nilizoweka kando za kupanda. Kuloweka usiku mzima, zikafura mara mbili. Kuchemsha saa moja na nusu, mwaga. Halafu ikaanza safari ya maji baridi, kubadilisha asubuhi, saa nane, na kabla ya kulala, kila siku. Siku ya tatu bado. Siku ya nne uchungu umeshuka umekuwa kama wa managu yaliyopikwa na mtu mwenye haraka. Siku ya sita nikaonja, nikaonja tena, kimya.

Sasa piga hesabu na mimi, juu hii ndio kitu hakuna mtu atakwambia pale dukani. Kila mara nilitumia lita 5. Mara 3 kwa siku, siku 6, hiyo ni lita 90 kwa nusu kilo peke yake. Kwetu maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, zingine nanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 bob 20. Kwa hivyo juu ya bei ya punje ongeza karibu mia ya maji, na gesi, na beseni moja imefungwa wiki nzima huwezi fulia nayo. Ethiopia pande za Gojjam wanaita gibto na huko wanatia kwa gunia wanafunga ndani ya mto siku kadhaa, mto unafanya kazi yote bure. Mimi mto wangu wa karibu ni Njoro na unaishia Ziwa Nakuru, sitaki kuwa yule mama wa kwenye habari aliyelewesha flamingo.

Ule uchafu wa maji usipee kuku wala mbuzi. Andes huko yale maji ya kuoshea tarwi wamekuwa wakiyatumia kuogeshea mifugo kuua chawa na kupe, hiyo tu ikwambie ni maji ya aina gani. Mimi nilimwaga chooni.

Ladha sasa. Ukitoa uchungu hubaki kitu kizuri sana, sitadanganya. Niliweka kwa chupa na maji ya chumvi, ndimu, pilipili mbuzi na kitunguu saumu, nikaacha kwa friji siku mbili. Unashika punje moja unabonyeza, ganda linabaki kwa vidole na punje inaruka mdomoni. Ni kama njugu za kuchemsha ila imekaza zaidi, inalia kidogo kwa meno. Misri wanauza barabarani wanaita termis, Italia na Ureno wanakula na bia, na nikaelewa kwa nini, juu ile Jumapili ya mpira wanaume watano walimaliza chupa nzima kabla ya hafutaimu na Baba Shiko wa ploti ya pili akaniuliza kama nauza.

Kitu haitaki ni kupondwa. Nilijaribu kuweka kwa mukimo, ikakataa, vipande vinabaki vimesimama kama kokoto. Sababu ni kwamba lupini karibu haina wanga, ule unga unga wa maharagwe haina, nafasi yake imejaa protini na nyuzinyuzi na mafuta kidogo. Gramu 100 kavu ni kama gramu 36 za protini, wakati maharagwe yetu ya kawaida yanacheza kwa 22 hivi. Kwa hivyo yule kijana kwa protini hakunidanganya, hapo nampa yake. Githeri inakubali vizuri, wali wa nazi pia, saladi ya nyanya ndio bora.

Na hii isome kama una mtoto ambaye njugu zinamfura mdomo: lupini na njugu karanga mwili unaweza kuzichanganya, mwenye mzio wa njugu anaweza kupata mzio wa lupini siku ya kwanza tu kuonja. Ulaya sheria inalazimisha iandikwe wazi kwa paketi kama vile njugu na maziwa. Yangu haikuandikwa.

Haya, kipaketi cha maua. Hicho nilipeleka Molo kwa shemeji juu huko kuna baridi inayofaa na ana kipande nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mbegu 15. Nane nikapanda vile ziko, ikatoka moja. Saba nikazikwaruza kwanza na msasa, kidogo tu mpaka ganda lichubuke, nikaloweka usiku, zikatoka tano kwa siku 12. Ganda la lupini hizi ni gumu makusudi, porini mbegu inakaa kwa udongo ikingoja mpaka kitu kiikwaruze ndio inywe maji. Kipaketi hakikusema hayo, nyota moja ikaenda.

Halafu siku hiyo ya kupanda ndio nikaona kituko. Stika ya duka ilikuwa imeanza kutoka kwa jasho la mkono, nikaivuta. Chini yake kuna maandishi madogo ya kampuni iliyopaki, kwanza jina, Lupinus polyphyllus, halafu onyo kwamba mbegu si za kuliwa. Yaani stika ya "lupini ya porini" ilibandikwa JUU ya onyo. Na hata hiyo "porini" yenyewe si kweli, hizi ni maua ya bustani, ukoo wa zile ambazo mzee mmoja mkulima wa maua wa York Uingereza, George Russell, alichagua miaka mingi akazionyesha watu 1937 zikawa na rangi zote. Ile ambayo Wamarekani wakisema lupini ya porini wanamaanisha ni ingine, Lupinus perennis, ya mchanga wa mashariki huko kwao, ambayo kuna kipepeo mdogo wa bluu wanaita Karner, kiwavi wake hali majani mengine yoyote duniani ila hayo, ikikosekana lupini na yeye hayuko. Kiwavi yeye hajali alkaloidi. Wewe na mimi tunajali.

Kwa uzuri wake sina neno. Majani ni kama kiganja kimefunguliwa vidole, asubuhi ya Molo tone la umande linakaa katikati limeviringika kama shanga. Mimea miwili imetoa maua mwezi wa nane, moja zambarau moja rangi ya waridi. Nyuki wanakuja ingawa ua halina asali, wanafuata chavua tu, na ukikaa uangalie utaona nyuki akitua ua linabonyea chini na chavua inatoka kwa ncha imekamuliwa kama dawa ya meno. Nilirekodi video nikamtumia mama. Akajibu kwa sauti, "Hiyo ni mitoo ya Wazungu." Na amepatia! Mitoo, ile mboga yetu chungu ya kienyeji, na lupini ni jamaa wa karibu, angalia ua utaona, angalia ganda utaona, hata ule uchungu wa mitoo ambao nyumbani tunaupunguza na munyu (maji ya majivu) na maziwa ni wa alkaloidi, ingawa aina tofauti.

Zile konzi mbili nyeupe pia tulipanda huko, mistari miwili. Shemeji alitaka kujua kama kweli zinaleta mbolea. Tulipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa na vishada vya vijizizi vifupi vimejazana kama brashi ya kuoshea chupa, na hiyo ndio siri ya lupini nyeupe, hivyo vishada vinatema asidi ya sitriki inafungua fosforasi ambayo udongo umeishikilia. Mkulima yeyote wa viazi Molo anajua udongo wa asidi unavyomeza mbolea ya DAP ukakaa na fosforasi yake. Lakini vile vinundu vya mizizi ambamo bakteria hutengeneza mbolea ya naitrojeni vilikuwa vichache na tukipasua ndani ni vyeupe badala ya rangi ya damu damu, maana yake hazifanyi kazi. Lupini inataka bakteria wake, wale wa maharagwe hawaelewani nayo, na duka halikuuza wala kutaja. Kwa hivyo ukiambiwa panda lupini usahau mbolea, uliza kwanza bakteria wako wapi.

Shemeji ana ng'ombe wawili wa maziwa na mmoja ana mimba, nikamwambia waya uzunguke hicho kipande leo si kesho. Magharibi ya Marekani kuna lupini za porini zenye alkaloidi inaitwa anagirini, ng'ombe akizila kati ya siku ya 40 na 70 ya mimba ndama anaweza kuzaliwa na miguu imepinda. Si kila aina inayo, lakini mimi si wa kwenda kupima kwa ng'ombe ya mtu. Na maganda tunakata kabla hayajakauka, juu yakikauka yanajipinda jua la saa sita na kupasuka pwa! mbegu zinaruka mbali. Iceland walileta lupini ya Alaska 1945 kushikilia udongo uliokuwa unapeperushwa, ikashika vizuri sana, sasa imefunika milima na wanatafuta ya kuizuia. Sisi tuko na mathenge Baringo, ule mti wa miiba ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukasambaa na kuharibu meno ya mbuzi wanaokula maganda yake, hadi mbuzi asiye na meno akapelekwa kortini kama ushahidi. Tumeshalipa hiyo karo.

Mwezi uliopita nilirudi dukani na ile stika imebandikwa kwa kikaratasi. Nilidhani atanibishia lakini kijana alisikiza vizuri, akasema madam mimi hupewa tu vitu nipange. Nikamwandikia na kalamu kwa karatasi, loweka, chemsha, mwaga, badilisha maji siku sita, onja na ncha ya ulimi, mwenye mzio wa njugu asiguse, akaibandika mbele ya rafu. Wiki jana nimepita karatasi bado iko, imepigwa hata selotepu. Vipaketi vya maua bado vilikuwa hapo hapo katikati ya ndengu na dengu. Nilivihamisha mwenyewe, vyote tisa, mpaka kule chini kwa mbegu za dania na sukuma, yeye ananiangalia tu amesimama na risiti. Halafu nikanunua kilo ingine ya nyeupe, Baba Shiko ameshatoa oda ya chupa tatu na amekubali kuleta mitungi ya maji.